Wakala wa bima ya afya alipwe kwa kazi gani? Namna ya kupanga upya malipo ya wanaoandikisha wazee

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, SACCOS, mabaraza ya wazee na vikundi vya makanisa katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, ambao wamekwisha kuingia, au wanafikiria kuingia, makubaliano na wakala wa kuwaandikisha wazee wao katika bima ya afya. Haufundishi namna ya kuchagua bima. Unahusu jambo ambalo mikutano mingi hulipitisha haraka mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutafuta kofia zao, nalo ni fedha anayolipwa yule anayekwenda kukaa na mzee sebuleni: inatoka kwa nani, inalipwa lini, na inalipia kazi gani hasa.

Utaratibu uliozoeleka ni kamisheni. Wakala hupata asilimia fulani ya ada au mchango, na huipata mara tu fedha ya mzee inapoingia. Kwa bima ya gari utaratibu huo hauna madhara makubwa, kwa sababu mwenye gari kwa kawaida anajua anachokitaka na atarudi mwakani mwenyewe. Kwa mzee wa miaka 72 mwenye shinikizo la damu, anayeishi na wajukuu na kusomewa karatasi na mtu mwingine, kamisheni ya asilimia huleta madhara matatu kwa pamoja.

La kwanza liko katika uchaguzi wa kifurushi. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipangwa kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wakala anapata asilimia 10 kwa kila anachouza, na kwamba mkobani mwake anacho pia kifurushi cha kampuni binafsi cha shilingi 600,000 kwa mtu mmoja. Kwa cha kwanza atapata shilingi 3,000, ambazo huenda zisitoshe nauli ya bodaboda kutoka Tukuyu mjini hadi kijiji cha ndani na kurudi. Kwa cha pili atapata 60,000. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu yeyote kwa tabia mbaya ili kutambua ni kifurushi kipi kitasifiwa kwa muda mrefu zaidi. La pili ni haraka: aliyekwisha kulipwa kwa ajili ya sahihi ya mzee kwenye fomu hana sababu ya kifedha ya kurudi mwezi unaofuata kuangalia kama kadi inafanya kazi. La tatu, ambalo husahaulika, ni ukimya, kwa maana wakala halipwi hata senti moja anapomwambia mzee kwamba hana haja ya kununua.

Wachuma chai wa Rungwe na Mufindi wanalifahamu tatizo hili bila kufundishwa na mtu. Mchumaji anayelipwa kwa kilo, pasipo mtu wa kukagua kikapu, hushawishika kuchanganya majani magumu na yale majani mawili na chipukizi, na lawama huja baadaye kiwandani. Kumhubiria mchumaji hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kikapu kukaguliwa kabla ya mzani.

Rai ya mwongozo huu, kwa hiyo, ni kwamba malipo ya sahihi peke yake yaondolewe, na fedha hiyohiyo igawanywe katika kazi tatu: ushauri uliotolewa, kadi iliyothibitika kufanya kazi, na mzee kuendelea kuwa na bima mwaka wa pili.

Lipeni ushauri kwanza, hata usipozaa mauzo

Sehemu hii ndiyo ngumu zaidi kuikubalisha katika mkutano, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kabla ya kujadili kiasi chochote, chama kinapaswa kujua kwamba miongoni mwa wazee wake wapo ambao tayari wana haki ya matibabu na hawajui, au wanajua lakini hawajawahi kuitumia.

Wapo wastaafu wa utumishi wa umma: walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, unawahudumia wastaafu waliokuwa wachangiaji pamoja na wenza wao, kwa masharti yake. Wapo pia wazee wenye watoto walioajiriwa, ambao mfuko huo unawaruhusu kuwaandika wazazi miongoni mwa wategemezi wao. Mara nyingi nafasi ipo, ila mtoto yuko Dodoma au Mwanza na hajapeleka nyaraka. Halafu wapo wazee wasio na uwezo, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, inataka watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, na ambao halmashauri huwapa vitambulisho kwa ajili hiyo. Kwa kundi hili la mwisho inafaa wakala aseme ukweli wote: kitambulisho humfikisha mzee dirishani, lakini dawa zikiwa zimekwisha, kitambulisho hakizileti, na ndiyo sababu familia nyingine huamua kujiunga na bima hata kama msamaha upo. Huo ni uamuzi wa familia. Kazi ya wakala ni kuufanya uwe uamuzi wenye taarifa kamili.

Andaeni karatasi ya ushauri ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa. Maswali yake yasizidi sita, na yaulizwe kabla bei yoyote haijatajwa. Mfano wa mwanzo unaofaa kwa mjane ni huu: «Shikamoo bibi. Kabla hatujafika kwenye bei, naomba nikuulize: wewe au marehemu babu mliwahi kuajiriwa serikalini au katika shirika la umma?» Kisha: «Yupo mtoto wako anayekatwa bima kwenye mshahara, na amekwisha kukuandika?» Kisha: «Kitambulisho cha matibabu cha wazee unacho?» Kisha swali ambalo mimi ningeliweka hata kama mengine yote yangeondolewa: «Ukiugua unapelekwa wapi, na dawa gani unatumia kila siku?» Mzee wa Makete ambaye familia yake imezoea kumpeleka Ikonda, au wa Wanging'ombe anayetibiwa Ilembula, au wa Iringa vijijini anayekwenda Tosamaganga, hapati faida ya kadi ambayo hospitali hiyo haiipokei, hata kama kifurushi chenyewe kimeandikwa vizuri namna gani. Wakala asijibu swali la mapokezi kwa kukisia. Apige simu hospitalini mbele ya mzee, aandike siku na cheo cha aliyejibu.

Makubaliano kati ya bima na hospitali hubadilika, na wakati mwingine hubadilika ghafla. Machi 2024, baada ya Mfuko wa Taifa kuanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake. Jibu la mwaka jana halitoshi.

Karatasi ikijazwa, isomwe kwa sauti mbele ya shahidi aliyechaguliwa na mzee mwenyewe, nakala ibaki kwake, na wakala alipwe kiasi kilekile, iwe mzee amejiunga au hakujiunga, amechagua cha bei ya chini au cha bei ya juu, au ameambiwa asubiri mwanawe apeleke nyaraka. Shilingi 2,500 kwa karatasi ni kiwango ninachokitumia katika mifano iliyo hapa. Kiwango chenu kitategemea umbali na hali ya chama. Nauli ilipwe peke yake, kwa bei iliyokubaliwa ya kila kijiji, isije ikawa wazee wa Ludewa mlimani wanaachwa kwa sababu wa barabarani wanafikika kwa gharama ndogo.

Swali litakaloulizwa mkutanoni ni hili: wakala akilipwa kwa kila karatasi, si atajaza karatasi hamsini akiwa amekaa chini ya mwembe? Anaweza. Katibu wa chama achague mwenyewe karatasi moja kati ya kumi, amtembelee au ampigie mzee husika, amuulize maswali mawili tu: nani alikuja, na alikwambia nini kuhusu hospitali unayoitumia. Malipo ya kundi zima la karatasi yasubiri majibu hayo. Mkisimamia hilo kwa miezi miwili ya kwanza, mengine yatajipanga.

Sehemu ya pili na ya tatu ya malipo

Sehemu ya pili hulipwa kadi inapothibitika. Kuthibitika maana yake ni kwamba mzee amefika kwenye kituo anachokitumia, jina na namba yake vimeonekana katika mfumo, na amehudumiwa kama mwanachama. Makosa ya kawaida hapa ni madogo na yanaumiza: jina la kadi halilingani na la NIDA, mwaka wa kuzaliwa umekosewa, mwenza hakuingizwa, au mahali ambapo mfumo husoma alama za vidole, vidole vilivyoshika jembe kwa miaka hamsini havisomeki. Kosa la namna hii likigundulika mzee akiwa amelala machela, familia italipa fedha taslimu na kuiona bima kuwa ulaghai. Likigundulika mapema, wakala mwenyewe atahangaika kulirekebisha, kwa kuwa fedha yake imekwama hapohapo.

Kuna mtego wa kuepuka. Msimlazimishe mzee kusafiri kwenda kituoni ili wakala apate malipo yake. Subirini siku yake ya kliniki ya presha au kisukari. Kama siku 90 zimepita na hajaugua, uthibitisho ufanywe kwa simu kati ya katibu na mhudumu wa kituo, au kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Sehemu ya tatu hulipwa mzee anapohuisha bima yake, nayo isiwe ndogo kuliko ya pili. Hapa msimu una nguvu kuliko maneno ya wakala. Kwa mkulima wa kahawa Mbozi au wa mpunga Kyela na Mbarali, fedha ipo baada ya mavuno na malipo ya mazao, na haipo Januari na Februari, wakati pembejeo na ada za shule vimekwisha kuichukua. Kadi inayokwisha Februari itaachwa ife, na wakala ataonekana mzembe ilhali kosa ni la kalenda. Pangeni uandikishaji wa kwanza katika miezi ambayo chama hulipa wakulima, na kama mwanachama ameridhia kwa maandishi, mchango wa mwaka unaofuata ukatwe kwenye malipo ya zao.

Malipo ya kuhuisha yana ubaya wake, ambao lazima uzibwe tangu mwanzo. Wakala anayelipwa kwa mzee kuendelea kuwepo atajifunza haraka kwamba mzee wa miaka 62 mwenye afya ana faida kwake kuliko wa miaka 84 anayepumua kwa shida, na ataanza kupita mbali na nyumba fulani. Kwa hiyo mkataba useme kwamba mzee akifariki akiwa na bima hai, sehemu ya tatu inalipwa yote, na kwamba viwango havibadiliki kwa umri wala kwa ugonjwa. Watu huona haya kuandika kifungu cha kifo. Bila kifungu hicho, wazee waliodhoofu zaidi ndio watakaorukwa.

Tuchukue mfano wa hesabu, wa kubuni, wa chama cha kahawa chenye wanachama na wenza 200 waliofikisha miaka 60. Karatasi za ushauri 200 kwa shilingi 2,500 ni 500,000. Tuseme 70 kati yao wanaonekana kuwa na haki nyingine na kuamua kuitumia hiyo, 30 wanaahirisha, na 100 wanajiunga. Kati ya hao 100, kadi 88 zinathibitika ndani ya muda, kwa shilingi 4,000 kila moja, yaani 352,000. Zile 12 zinasubiri marekebisho, na wakala atalipwa zikikamilika. Mwaka wa pili wanahuisha 65 kwa shilingi 5,000, yaani 325,000. Jumla ni 1,177,000. Utaratibu wa zamani, tukiukadiria kuwa shilingi 10,000 kwa kila sahihi, ungegharimu 1,000,000 kwa wazee 100, na yote ingelipwa kabla mtu yeyote hajajua kama kadi zinapokelewa. Utaratibu mpya umezidi kwa 177,000, na mhasibu atalisema hilo. Ajibiwe kwamba wale wazee 70, kama kila mmoja ni kaya yake na angeuziwa hata kile cha 30,000 tu, wangetoa shilingi 2,100,000 kwa kitu ambacho hawakukihitaji.

Tumfikirie pia wakala. Wengi wao ni vijana wenye simu na pikipiki ya mkopo, na kusubiri miezi kumi na minne kupata fedha yote si jambo dogo. Ndiyo sababu malipo ya ushauri yalipwe kila wiki mbili bila kucheleweshwa. Chama kinachochelewesha malipo halali kinamfundisha wakala kutafuta malipo mengine.

Fedha iliyofungiwa mlango hutafuta dirisha

Wamarekani wamekuwa wakihangaika na suala hili kwa muda mrefu, na kuna la kujifunza kwao. Medicare, bima ya serikali yao kwa watu wa miaka 65 na zaidi, ambayo sasa inawahudumia pia baadhi ya wenye ulemavu walio chini ya umri huo, ilianzishwa mwaka 1965. Mzee anaweza kubaki humo moja kwa moja, au kuchukua huduma zake kupitia kampuni binafsi katika mipango iitwayo Medicare Advantage, ambayo sasa ina zaidi ya nusu ya wanaostahili. Kampuni ndizo zinazolipa mawakala, lakini serikali huweka ukomo: kwa mwaka 2025, katika majimbo mengi, ukomo ulikuwa dola 626 kwa mzee anayeingia mara ya kwanza na dola 313 kwa kila mwaka anaoendelea, kwa mwaka 2026 ni dola 694 na 347. Mzee akihama kutoka mpango mmoja hadi mwingine wa aina ileile, wakala hulipwa kile kiwango cha nusu, ili asipate faida ya kumhamishahamisha. Akijitoa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, malipo hurudishwa, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika.

Kanuni hizo ni nzuri, na mbili za mwisho mnaweza kuziiga kesho asubuhi. Hata hivyo, ukomo ulihusu kamisheni, nazo fedha nyingine zikaendelea kupita kwa majina mengine: gharama za mafunzo, za matangazo, za huduma za ofisi, bonasi za idadi kwa kampuni kubwa za udalali. Aprili 2024 serikali ilitoa kanuni ya kuyaingiza malipo hayo yote katika kiasi kimoja na kukiongezea dola 100. Julai mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko Texas ikasimamisha sehemu hiyo kabla haijaanza kutumika. Mei 2025 Wizara ya Sheria ikafikisha mahakamani kampuni tatu kubwa za bima na tatu za udalali, ikidai kwamba kati ya mwaka 2016 na 2021 zililipana mamia ya mamilioni ya dola isivyo halali, na kwamba mbili kati ya za bima zilishinikiza madalali wapunguze kuandikisha watu wenye ulemavu. Kampuni zimeyakana madai hayo. Tena mwishoni mwa mwaka 2024 baadhi ya kampuni ziliacha kabisa kulipa kamisheni kwa baadhi ya mipango. Kifurushi kikabaki kwenye orodha, lakini hakuna wakala aliyekuwa na sababu ya kukitaja.

Kwetu dirisha lina sura nyingine. Ni simu mpya kwa wakala aliyeandikisha wengi, mafuta ya pikipiki, safari ya Matema, vocha, au «asante» kwa mwenyekiti aliyefungua mlango wa mkutano. Bonasi za idadi nazipinga moja kwa moja, kwa sababu mtu aliyebakiza wazee wanane kufikia lengo, siku ikiwa ni tarehe 29, hawezi kuwa mshauri wa mzee wa tisa. Kwa hayo mengine, tumieni kifungu kinachofunga majina yote kwa pamoja. Kinaweza kuandikwa hivi: «Malipo maana yake ni fedha, kitu, safari, mkopo, ajira au upendeleo wowote, kwa jina lolote, ambao wakala, ndugu yake au kiongozi wa chama anapata kutoka kwa mtu yeyote kwa sababu ya mzee kuandikishwa, kutoandikishwa au kuhamishwa. Malipo yote yataandikwa katika daftari la chama na kusomwa katika mkutano mkuu.» Kifungu kingine kizuie kampuni kubadilisha viwango katikati ya msimu wa uandikishaji, iwe kwa kupandisha au kwa kushusha hadi sifuri.

Sheria, na mipaka ya uwezo wa chama

Chama hakiwezi kubadilisha kila kitu. Mawakala na madalali wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na kamisheni yao ni suala kati yao, kampuni na mamlaka hiyo. Nayo mifuko ya umma ina taratibu zake za kuandikisha. Kwa hiyo kuna njia mbili. Kwa kampuni binafsi, chama kinachopeleka wazee mia moja kwa pamoja kina nguvu ya kusema kwamba kitapokea wakala wao kwa sharti kwamba kamisheni itolewe taarifa na ilipwe kwa awamu. Kwa mifuko ya umma, mnapanga tu fedha ambayo chama chenyewe kinaongeza: malipo ya ushauri, nauli na ufuatiliaji. Fedha hiyo iingie katika makisio yanayopitishwa na mkutano mkuu, yasije yakawa matumizi ambayo mkaguzi atayahoji. Kabla ya kusaini, hakikini usajili wa wakala, na rasimu ipelekwe ofisi ya TIRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, ipate maoni. Malalamiko ya mzee dhidi ya kampuni ya bima yakishindikana kwenye kampuni yenyewe, yapo mamlaka hiyo na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalenga kila mkazi awe na bima na kuweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Msomaji anaweza kudhani kwamba basi suala la mawakala linakwisha. Naona kinyume chake: kadiri bima inavyokuwa ya lazima, ndivyo watakavyoongezeka watu wanaobisha hodi kwa wazee wakisema wametumwa, na ndivyo itakavyokuwa muhimu zaidi kujua wametumwa na nani na kwa malipo gani.

Majina ya wazee

Orodha ya wazee wa kijiji, yenye namba za simu, namba za NIDA na magonjwa yao, ina thamani ya fedha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililoelezwa na kwa ridhaa, na taarifa za afya zinalindwa zaidi. Kwa vitendo maana yake ni kwamba mtendaji wa kijiji au katibu wa chama hampi wakala orodha. Anawauliza wazee kwanza nani yuko tayari kutembelewa, na lini. Ziara ipangwe angalau siku mbili kabla, ili mzee apate muda wa kumpigia mwanawe. Marekani nao waliweka mwaka 2023 kanuni inayofanana na hiyo: katika hali nyingi wakala alitakiwa kusubiri saa 48 tangu mzee akubali mazungumzo hadi kukutana naye. Wakala asichukue PIN ya simu ya mzee kwa kisingizio cha kumsaidia kulipia. Mzee asiyeweza kulipa mwenyewe kwa simu alipie ofisini kwa chama, apewe risiti.

Daftari na mapitio

Daftari moja linatosha, lenye safu za tarehe ya ushauri, kilichoshauriwa, kadi ilithibitika lini na kituo gani, ilihuishwa lini, na kila malipo yaliyotoka. Asilishike mtu anayelipwa kwa idadi. Baada ya miezi kama 15 kamati ikae nalo na itafute mambo machache: kijiji ambacho kila mzee alishauriwa kununua kifurushi kimoja, wakala ambaye hajawahi kuandika kwamba mzee hakuhitaji kununua, na umri wa walioandikishwa ukilinganishwa na umri wa wanachama wote, ili kuona kama waliozidi miaka 80 walirukwa. Kila jambo kati ya hayo laweza kuwa na maelezo halali, kwa hiyo wakala asikilizwe kabla ya kukatwa chochote.

Mkataba ukivunjwa au ukiisha, wakala arudishe karatasi zote na kufuta namba za wazee kwenye simu yake mbele ya katibu. Malipo ya kuhuisha ambayo alikwisha kuyafanyia kazi yalipwe tarehe yake ikifika, naye wakala mpya akabidhiwe kwanza zile kadi ambazo hazijathibitika, kabla ya kuruhusiwa kuandikisha mtu mwingine.